Masurufu ya Mke na Kifungo cha Mume



Chakula, mavazi na makao ya mke ni juu ya mumewe. Hayo ndiyo masurufu, yaitwayo nafaqa katika vitabu vya sheria. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, siku ipitayo bila ya mke kupewa haki hiyo huwa deni shingoni mwa mume, hata kama kadhi hajahukumu.

Basi huulizwa: mume aliyeamriwa na kadhi kulipa, naye asilipe, je, yafaa afungwe? Jawabu lataka kwanza kupambanua watu wawili.

Wa kwanza ni yule asiye na kitu. Mdaiwa mwenye dhiki, Kurani katika Suratul Baqara, aya ya 280, imeamuru angojewe mpaka apate wasaa. Kumfunga huyo ni kumdhulumu, na mkewe hapati faida, kwani aliye gerezani hachumi. Wala mke hakuachwa bila ya njia: wanavyuoni wa Kishafi wamemruhusu kumwomba kadhi aivunje ndoa, baada ya mume kupewa muhula wa siku tatu.

Wa pili ni yule aliye nacho akakizuia. Mtume (s.a.w.) amehesabu ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhuluma, na wanavyuoni wamekubali kwamba kadhi aweza kumtia kifungoni mtu wa namna hiyo mpaka alipe.

Nchi ya Misri yatoa mfano mzuri. Zamani mahakama za huko zilifuata madhehebu ya Hanafi, ambayo kwayo masurufu ya siku zilizopita hupotea ila yakiwa yamehukumiwa au yamepatanwa. Sheria namba 25 ya mwaka 1920 iliyafanya kuwa deni tangu siku mume alipoyazuia. Kisha sheria namba 78 ya mwaka 1931 ikaruhusu kifungo kisichozidi siku 30, kwa sharti ithibitike mbele ya hakimu kwamba mume ana uwezo na ameamriwa akakataa. Akilipa, au akileta mdhamini, huachiliwa. Na kifungo hakizuii deni kudaiwa kwa njia nyingine. Katika mwaka 2000 kanuni hiyo ilitiwa tena katika sheria mpya, na kazi ya Benki ya Nasser ya kumlipa mke, kisha yenyewe kumdai mume, ikathibitishwa humo. Katika mwaka 2004 ikaundwa hazina ya bima ya jamaa kwa ajili hiyo.

Katika mfano huo mna mazingatio. Gereza ni fimbo ya kumtishia mkaidi, wala halimshibishi mtoto mwenye njaa. Watoto hula leo, na kesi huchukua miezi. Tena wake wengi huona haya kumpeleka baba wa watoto wao kifungoni, na waume wakaidi hulijua jambo hilo wakalitegemea.

Kwa hiyo wazee wa kila msikiti wana wajibu kabla ya kadhi kuitwa. Mke akija kushitaki, asiambiwe kuvumilia tu, kwani subira haipikiki chunguni. Mume aitwe, uwezo wake uchunguzwe kwa haki, kiasi kiandikwe mbele ya mashahidi. Akiwa ni maskini, asaidiwe kupata kazi. Akiwa anacho naye akataa, wazee wasimfiche kwa sababu ya ujamaa wala cheo. Watoe ushahidi wao mbele ya kadhi. Pasipo ushahidi wa uwezo wake, mwenye mali hujivika nguo ya umaskini mahakamani, na haki ya mke ikapotea.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba za Waislamu kuwa na uadilifu na huruma. Amin.