Tumbo linapokua: maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Kadutu



Leo siongei juu ya nyumba wala mashamba. Mama mmoja wetu, tulirudi naye kutoka Nyarugusu, tumbo lake lilikuwa linakua polepole bila maumivu. Majirani wakasema mimba. Mimba ilipopitisha miezi, wakasema amelishwa karuho. Kwenye kituo kimoja cha afya wakamwambia ni maji ya tumbo, wakatoboa na sindano, maji ikatoka, akarudi anacheka. Kisha miezi mitatu, tumbo ni lile lile.

Ilikuwa kisti: mfuko uliofungwa, umejaa maji, umeota kwenye utando unaoshikilia matumbo. Si kansa. Ni ugonjwa wa nadra, waganga wanahesabu kama mtu mzima 1 kwa wagonjwa 100,000 wanaolazwa, ndiyo maana hakuna anayeufikiria. Lakini si mpya: maandishi ya Benivieni wa Florence yaliyochapwa 1507 yanautaja, na Mfaransa Tillaux alifaulu kuutoa 1880.

Muganga anaweza kuanza na vidole tu. Mgonjwa akilala chali, maji ya tumbo yanateremka pembeni, matumbo yenye hewa yanaelea juu; ukigonga katikati panalia kama ngoma. Kisti kubwa ni kinyume: katikati panalia kizito, ngoma iko pembeni. Halafu ekografi inaonyesha kama maji yana ukuta wake. Skana inasaidia kujua mfuko umetokea wapi, maana kisti ya ovari inafanana nao sana. Jibu la mwisho ni la maabara, mfuko ukishatolewa na kuangaliwa kwa mikroskopi.

Sindano peke yake haiponyeshi, ukuta unabaki na kujaa tena. Unatolewa wote. Ukiachwa unaweza kujipinda, kuvuja damu ndani, kuziba matumbo, na hapo ni kukimbizana na taksi usiku.

Mama yule alipasuliwa, sasa anauza makayabu yake. Ila alichelewa kwa sababu ya pesa ya ekografi, na kese yetu inalipa tu mtu akishalazwa. Mimi naona hapo tunakosea. Wanachama na wafadhili, naomba tupige kura mwezi ujao ili kese ilipe ekografi ya kwanza. Mwenye tumbo linalokua asingoje kura: aje Jumatano ofisini, nitamsindikiza mwenyewe.