Bando, Umeme na Masasisho: Usalama wa Kompyuta katika Kata ya Issuna

Machi 14, 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika Windows. Lilikuwa la bure. Miezi miwili baadaye, Mei 12, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai dola 300 kwa kila mashine. Hakikusubiri mtu abofye chochote. Kikishaingia kwenye kompyuta moja ya ofisi, kilizifuata nyingine chenyewe kupitia mtandao. Huko Uingereza, hospitali za umma zilifuta miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000. Mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, toleo ambalo sasisho lake lilikuwa limeshatolewa na lilikuwa linasubiri kupakuliwa tu.

Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi kando ya barabara kuu ya Manyoni–Singida, iko mbali na hospitali hizo, lakini tabia ya kuahirisha sasisho ni ile ile. Sababu ndizo zinazotofautiana, na zinastahili kuheshimiwa. Mwalimu anayeunganisha laptopu kwa intaneti ya simu yake anajua kuwa sasisho la mwezi linaweza kufikia mamia ya megabaiti, au hata kuvuka gigabaiti. Bando alilonunua kwa wiki nzima linakwisha kabla ya saa sita mchana. Mwenye steshenari anaogopa umeme ukatike mashine ikiwa katikati ya kazi, wateja wamepanga foleni. Kumwita mtu huyu mzembe ni kumkosea.

Basi tiba ianzie kwenye bando na umeme. Microsoft hutoa masasisho yake ya kawaida ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za Tanzania hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku. Anayejua tarehe hiyo anaweza kujipanga: anunue bando la usiku siku moja au mbili baadaye, betri ijae chaji, kisha aiache mashine ifanye kazi. Windows ina kipengele cha kuiambia kompyuta kwamba intaneti inalipiwa kwa kipimo, nayo ikaacha kupakua masasisho mengi. Kipengele hicho kinafaa sana siku za kazi. Hatari ni kukiwasha na kukisahau, miezi sita ikapita bila mashine kupata kitu. Shule yenye chumba cha kompyuta ina nafuu zaidi, kwa sababu mashine zilizo kwenye mtandao mmoja zinaweza kugawiana sasisho ambalo mojawapo imeshalipakua. Na pale intaneti isipofika kabisa, faili la sasisho linaweza kupakuliwa mjini Singida kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe na kuletwa kwa flashi.

Wapo wanaosema masasisho huharibu mashine. Wakati mwingine ni kweli. Julai 19, 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Funzo la siku ile ni kuweka nakala ya mafaili ya muhimu kwenye diski ya nje inayochomolewa kazi ikiisha. Nakala hiyo humwokoa mtu katika sasisho bovu, katika wizi, na katika kirusi cha aina ya WannaCry. Kuzima masasisho hakumwokoi katika lolote kati ya hayo mawili ya mwisho.

Jambo zito zaidi kwa sasa ni Windows 10. Huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 14, 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi, ambao lazima mtu ajiandikishe, unaishia Oktoba 13, 2026. Laptopu nyingi za mtumba haziwezi kupokea Windows 11 rasmi, kwani inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa nyingi za Intel, kizazi cha nane kuendelea. Mashine hizo zisitupwe. Mfumo endeshi wa Linux Mint ni wa bure, unasasishwa, na unaweza kufanya kazi vizuri kwenye kompyuta za zamani. Barua zinaandikwa kwa LibreOffice, na mifumo inayofunguliwa kwenye kivinjari huendelea kutumika. Hiyo ni heri mara kumi kuliko Windows ya kukraki, kwa sababu programu za kukrakia mara nyingi hutaka antivairasi izimwe kwanza, na mwenye nyumba anayemfungulia mgeni asiyemjua kisha akamfunga mbwa hana wa kumlaumu.

Kwenye steshenari adui mkubwa ni flashi. Mwanafunzi huja kuchapa fomu ya mkopo, flashi yake imebeba kirusi kinachoficha mafaili na kuacha njia za mkato, na jioni wateja wote wa siku hiyo wamekipeleka nyumbani. Flashi ikaguliwe kwa antivairasi kabla ya kufunguliwa. Ile iliyomo ndani ya Windows yenyewe inatosha ikiwa imesasishwa. Wateja wahudumiwe kwenye akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Barua pepe ya mteja ifungwe kabla hajaondoka, na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mteja huyo.

Karatasi, wino na umeme vimo kwenye bajeti za shule na ofisi. Wakuu wa shule na watendaji wanaombwa waliongeze bando la masasisho kwenye orodha hiyo, wamtaje kwa jina mtu atakayelisimamia kila mwezi, na wahakikishe kabla ya Oktoba 2026 kila mashine ya Windows 10 iliyo chini yao imeamuliwa itakwenda wapi.