Bamia Kitabuni Kabla ya Sahanini



Mtoto wa miaka miwili anapoufumba mdomo mbele ya mboga, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kutafuta dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula. Tunasihi isinunuliwe pasipo ushauri wa daktari. Kukiogopa chakula kigeni ni jambo la kawaida katika umri huo.

Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014, wazazi walitazama na watoto wao kitabu cha picha cha mboga moja kila siku kwa wiki mbili. Mboga hiyo ilipoandaliwa, watoto waliionja kwa wepesi kuliko ile ambayo hawakuiona kitabuni.

Kitabu cha bei kubwa hakihitajiki. Picha za bamia shambani, sokoni, ikikatwa, kisha sahanini, zikibandikwa kwenye daftari, zatosha. Iwe bamia halisi, si katuni yenye macho na miguu; nani atamtafuna rafiki yake? Msimwahidi pipi. Mpeni kipande kimoja kidogo, na akikitema, mjaribu tena siku nyingine.

Mtoto anayepungua uzito apelekwe kliniki, pamoja na kadi yake.