Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini



Siku moja hapa Morogoro Mjini niliwasikia mafundi wawili wakikarabati kanisa la zamani. Mmoja alisema, "Usikiguse kile cha juu." Mwenzake akauliza, "Kile kipi?" Ikawa kile na hiki mpaka jua likazama. Nikaikumbuka Mkunazini, Unguja.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo Waingereza wa misheni ya UMCA waliweka pale jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo. Aliyeongoza ujenzi ni Askofu Edward Steere. Kwa mapokeo, madhabahu ipo mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu hiyo.

Mgeni akifika mahali pa ubatizo huonyeshwa nguzo zilizosimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha wakati askofu yuko safarini. Wageni hucheka. Mimi sicheki. Nguzo ya namna ile ina kitako na ina kichwa, na asiyeelezwa atajuaje? Wala Steere hakuwa mgeni wa lugha yetu. Alikwisha kuchapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870.

Ndugu zangu, maneno hatukuyakosa. Mimbari, mnara na kuba tulikuwa nayo misikitini. Tao, boriti, mwimo na kizingiti yamo katika nyumba za pwani. Wakatoliki wakaongeza altare kutoka Kilatini, na Waprotestanti wengi wakashika madhabahu. Tulicho nacho ni uvivu wa kuyatumia. Kijana anaitwa fundi, naye kila kitu kwake ni "kile".

Kitu kisicho na jina hakina mtetezi. Leo litavunjwa tao kwa sababu limeitwa tundu, na kesho utang'olewa mwimo wa mninga kwa sababu umeitwa ubao.

Kwa hiyo nawaomba wanakamati wa ujenzi, wa kanisa na wa msikiti: kabla nyundo haijainuliwa, mwiteni fundi mzee, mzunguke naye jengo zima, awatajie kila sehemu, nanyi mwandike. Kuuliza si ujinga. Nguzo za Mkunazini zingeweza kusema, zingetuambia hivyo hivyo.

Tukutane juma lijalo.