Miale na Pembe

Hotuba ya kwaya katika Sherehe ya Yubile ya Miaka 50

 

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini tumechora miale nyuma ya msalaba kwenye jalada la kijitabu hiki. Turuhusuni tujibu.

Mwale ni ule mstari wa nuru unaotoka kwenye jua, taa au moto. Asubuhi miale hututangulia: tunajua kumekucha kabla jua lenyewe halijachomoza juu ya kilima. Neno lililo karibu nalo ni mionzi, tunalolisikia hospitalini, ambako hutumika kupiga picha za mifupa na kutibu saratani. Mionzi hiyo hatuioni kwa macho. Sisi tulichagua miale, nuru inayoonekana, ambayo humfanya anayeiona ageuke kutazama inakotoka.

Katika Biblia, nuru ya namna hii ina jamaa asiyetarajiwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, chasimulia jinsi Musa alivyoshuka Mlima Sinai na zile mbao mbili za mawe, uso wake uking'aa. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ni karan, chenye mzizi mmoja na keren, yaani pembe. Ni kana kwamba nuru ilimtoka Musa usoni kama pembe zinavyomtoka kondoo dume kichwani. Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliandika kwamba uso wa Musa ulikuwa na pembe. Ndiyo maana sanamu ya Musa aliyoichonga Michelangelo, iliyoko katika kanisa la San Pietro in Vincoli mjini Roma, ina pembe mbili kichwani hadi leo.

Na yubile je? Neno hili pia limetoka katika Kiebrania, yobeli, ambalo ni kondoo dume au pembe yake ya kupulizwa. Katika Yoshua sura ya 6, penye kuta za Yeriko, keren na yobeli yamewekwa pamoja. Kwa hiyo miale ya jalada letu na yubile tunayoiadhimisha hukutana katika pembe moja.

Basi tunajifunza mambo mawili.

La kwanza, Musa hakujua kwamba uso wake unang'aa. Waliojua ni watu waliomwona. Alikuwa ametoka kuzungumza na Mungu, na hilo lilitosha. Sisi wa sauti ya kwanza hadi besi, tukianza kuimba ili tuonekane tunang'aa, washirika watatutazama sisi na kuishia hapo.

La pili, katika Walawi sura ya 25, baragumu ya mwaka wa 50 haikupigwa kwa ajili ya sherehe tu. Ilitangaza uhuru: mtumwa aachiliwe, na kila mtu arudi kwenye shamba lake na kwa jamaa yake. Yubile bila mtu kurudi nyumbani ni karamu tu.

Katika miaka hii 50, wengi wameacha kusimama nasi. Wengine wamelala katika Bwana. Wengine walihamia mbali kutafuta kazi. Wengine wamezeeka wakadhani sauti zao hazitakikani. Wengine waliondoka kwa sababu ya maneno yaliyosemwa, na kinyongo kikabaki. Tunajua baadhi yenu mko hapa leo, mmeketi viti vya nyuma.

Tutakapofika wimbo wa mwisho katika ratiba hii, tutaacha nafasi wazi katika kila safu. Nafasi hizo ni zenu. Hamhitaji sare wala mazoezi. Njooni mbele tuimbe pamoja, na lililotutenganisha tuliachilie leo.

Mungu awabariki. Karibuni nyumbani.