Anayeuliza Swali la Utafiti

Wahitimu, wazazi na walimu mliofika hapa Kosele, ushirikiano wa vyuo vyetu na vya ng'ambo katika utafiti wa kuzuia VVU husifiwa kwa pesa na mashine unazoleta. Mimi naupima kwa jambo jingine: je, unampa aliyekulia hapa ujuzi na mamlaka ya kuuliza swali lake mwenyewe?

Tazameni Bondo, mojawapo ya vituo vya utafiti wa FEM-PrEP. Utafiti huo, wenye washiriki 2,120 nchini Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ulisimamishwa mwaka 2011. Wanawake 33 waliopewa tembe za kinga waliambukizwa, na 35 waliopewa tembe zisizo na dawa. Washiriki 95% walisema wanameza tembe kama walivyoelekezwa, na hata tembe zilizobaki zilipohesabiwa, hesabu iliwaunga mkono. Damu ilikataa: waliokutwa na dawa ya kutosha mwilini hawakufika 40%. Dawa hiyohiyo, katika utafiti wa Partners PrEP uliofanyika Kisumu, Thika na kwingineko Kenya na Uganda, ilipunguza maambukizi kwa 75%. Basi dawa haikuwa na kosa. Kuna mambo ambayo mwanamke hamwambii mgeni aliyeshika dodoso: anahofia nani ataiona chupa ya tembe, na kwa nini hajioni yuko hatarini. Mtafiti anayezungumza Kidholuo na kujua nani husikilizwa bomani ana nafasi bora ya kuyasikia, mradi amebobea pia katika takwimu na maabara. Lugha peke yake haitoshi.

Wapo wasemao kwamba tukiwasomesha vijana wetu ng'ambo hawarudi. Wengine kweli hawarudi. Ndiyo maana nataka mwanafunzi asajiliwe Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Maseno, data yake itoke huku, na ng'ambo aende kwa miezi michache kujifunza mbinu asizozipata nyumbani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenye pesa ndiye mwenye kauli. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tafiti zilikwama katikati. Hilo linanisumbua sana. Lakini dawa yake si kupunguza mafunzo. Ni Kenya kuwalipa watafiti wake.

Na kazi ipo. Mwaka 2024, katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano ya kinga iitwayo lenacapavir mara mbili kwa mwaka aliyeambukizwa. Huku kwetu, nani atarudi zahanati baada ya miezi sita, na nani hatarudi, na kwa nini? Swali hilo ni lenu.