Ziwa Ngozi: Khofu na Tumai ni Haki ya Aliyeumba

(Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha, Wete, Pemba)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Kwa amri hiyo, jicho la Muislamu safarini linatakiwa lizingatie, si lishangae tu. Usiku huu nitazungumzia ziara ya siku moja tuliyoifanya baadhi yetu, tulipokuwa Mbeya kwa shughuli za daawa, kwenda Ziwa Ngozi.

Sisi Wapemba tumezoea bahari, maji yanayojaa na kupwa. Ngozi ni maji ya namna nyengine. Hutoka Mbeya mjini asubuhi kwa barabara ya Tukuyu, ukaiacha lami, ukapita mashamba ya viazi, kisha ukapanda kwa miguu katika msitu wa milima ya Uporoto. Baridi ni kali na ukungu hutanda miongoni mwa mianzi. Ukifika ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ghafla ardhi inakatika, na chini kabisa unaliona ziwa la kijani, limetulia, limezungukwa na kuta za msitu.

Wataalamu wa miamba wanaeleza kuwa hapo palikuwa na mlima wa volkano. Ulipolipuka na kutapika vilivyomo tumboni mwake, kilele chake kilididimia, likabaki shimo kubwa, na maji yakakusanyika humo. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala kutoka. Mvua inanyesha, maji mengine yanapita chini kwa chini, na ziwa lipo. Nani anayeyazuia? Suratul Mulk inamalizikia kwa swali hilo hilo: maji yakizama ardhini, ni nani atakayetuletea mengine? Tulisali Adhuhuri na Alasiri pale ukingoni, kwa kukusanya na kupunguza kama sharia ilivyowaruhusu wasafiri.

Lakini, ndugu zangu, kilichonifanya nisimame mbele yenu si uzuri wa ziwa. Kwa muda mrefu imesimuliwa kuwa maji ya Ngozi yana nguvu za siri, yanaponya na yanadhuru. Kijana mmoja katika msafara wetu, Muislamu msomi wa skuli, aliposikia hayo akatoa sarafu mfukoni ili aitupe chini "kwa usalama wa safari". Alipozuiwa akasema: "Sheikh, sina itikadi yoyote, ni desturi tu."

Tulitafakari neno hilo, "desturi tu". Suratul Jinn, aya ya 6, inatueleza juu ya watu waliokuwa wakijikinga kwa majini, na hilo likawazidishia dhiki. Wafasiri wanasema Waarabu wa jahiliya walipoteremka bondeni usiku waliomba himaya kwa mkubwa wa majini wa bonde lile. Nao bila ya shaka waliiita desturi. Mtume (S.A.W.) akaibadilisha kwa dua. Katika hadithi ya Khawla bint Hakim (R.A.), aliyoipokea Imamu Muslim, ametufundisha kuwa anayeteremka mahala ajikinge kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia. Sarafu ile ingeomba usalama kwa kiumbe kisichosikia, na dua inamuomba Mwenye kusikia.

Wala tusiseme kuwa maziwa haya hayana khatari. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, nalo ni ziwa la volkano, lilitoa wingu la hewa ya ukaa iliyokuwa imejikusanya chini ya maji. Hewa hiyo ni nzito, haionekani, na iliteremka mabondeni. Watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wao usingizini. Lau watu wangeishia kusema ni hasira za mzimu, wangechinja mbuzi na kurudi kulala pale pale. Wataalamu walichunguza sababu, na mwaka 2001 likawekwa bomba la kuyavuta maji ya chini ili hewa itoke kidogo kidogo. Mwenyezi Mungu ameumba sababu. Kuzitafuta si kinyume cha kutawakali, bali ni sehemu yake.

Tusicheke watu wa mbali. Hapa kwetu Pemba wapo wanaosali swafu ya mbele, kisha wakapeleka ubani na kuku pangoni na kwenye mibuyu. Mtoto akishikwa na degedege, huambiwa ana shetani, akazungushwa kwa waganga mpaka usiku. Degedege huweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Mzazi anayechelewa hivyo huenda akapoteza mawili, mtoto na tauhidi yake.

Kwa hiyo nausia mambo matatu. Kwanza, tuwafunze watoto dua za safari na za kuteremka mahala kabla hawajafunzwa na mitaa kuogopa miti na mapango. Pili, mgonjwa apelekwe hospitali, asomewe Qur'ani na adhkari zilizothibiti, na yote mawili yaende pamoja. Tatu, anayeshikilia desturi hizi tumwendee kwa upole, maana yule kijana alirudisha sarafu mfukoni kwa sababu alielezwa, hakutukanwa.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe ishara zako na utuzidishie imani kwazo. Tukinge na shirki tunayoijua na tusiyoijua, na uwaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.